Kumfuata Kaizari Norton: Siku Tano San Francisco

Safari hii haina masafa marefu. Siku nne za mwanzo zinaishia sehemu ya kaskazini-mashariki ya San Francisco, karibu yote kwa miguu. Siku ya tano ndiyo inayohitaji treni. Tunayemfuata ni Joshua Abraham Norton, mfanyabiashara aliyefilisika. Tarehe 17 Septemba 1859 gazeti la Evening Bulletin lilichapa karatasi aliyoiandika mwenyewe, ikimtangaza kuwa Kaizari wa Marekani. Alikitumikia cheo hicho zaidi ya miaka 20, bila askari wala hazina, na mji mzima ukamwitikia.

Watu wa vituko hawakosi mjini, na wengi wao husahaulika mara tu wale waliowajua wanapokufa. Ndiyo maana katika safari hii hatuhesabu vituko, tunatafuta mikono iliyofanya kazi nyuma yake: nani alichapa, nani alilisha, nani alilipia jeneza, nani alichonga jiwe. Njiani tutawapitia wengine waliopendwa, kwa kuwa njia zao zinakatana na yake.

Mizigo iwe michache. Chukua viatu vyenye soli ya kushika, maana baadhi ya miteremko ni mikali na lami hulowa kwa ukungu. Chukua na koti hata kama ni Julai. Wageni wengi hukosea hapo, wakidhani California yote ni jua. Kadi ya Clipper inatosha kwa mabasi na tramu za Muni, treni za BART na mabasi ya SamTrans. Andika pia mahali jina moja la zamani la mtaa: Dupont Street ya enzi za Norton ndiyo Grant Avenue ya leo. Asiyelijua hilo hupotea kila akisoma gazeti la zamani.

Siku ya kwanza: Mchele

Saa tatu asubuhi, kona ya Clay na Sansome. Hapa umesimama juu ya bahari iliyofukiwa. Mwaka 1849 maji yalifika karibu na Montgomery Street, na meli zilizotelekezwa na mabaharia waliokimbilia dhahabu ziligeuzwa maghala na nyumba za kulala, kisha zikafukiwa zilipokuwa. Mojawapo ni Niantic, ambayo mabaki yake yalifukuliwa hapa mwaka 1978. Tazama kibao chake kwanza, kwa sababu kinaeleza kwa nini Norton, aliyezaliwa Deptford nchini Uingereza na kukulia Afrika Kusini, alikuja hapa mwishoni mwa 1849: mji uliokuwa ukijengwa juu ya meli ulikuwa ukinunua kila kitu kinachoshuka melini.

Kutoka hapo panda Sansome kuelekea kaskazini mpaka Jackson, mwendo wa dakika tano. Kwenye kona hii Norton alikuwa na kiwanda cha sigara, jengo la ofisi na kinu cha mchele. Mitaa ya Jackson Square ni miongoni mwa sehemu chache za katikati ya mji zilizopona tetemeko na moto wa 1906, kwa hiyo matofali ya baadhi ya majengo haya ni ya karne ya 19 kweli. Tembea taratibu hapa. Ni mahali pazuri pa kupigia hesabu iliyomwangusha.

Mwishoni mwa 1852 China ilizuia mchele usitoke nje kwa sababu ya njaa. Bei San Francisco ikaruka kutoka senti 4 kwa ratili hadi senti 36. Meli moja, Glyde, ikawa bandarini na ratili 200,000 kutoka Peru. Norton akakubali kununua shehena yote kwa dola 25,000, yaani senti 12 na nusu kwa ratili, akatoa dola 2,000 za kutangulia. Kwa bei ya siku ile shehena ilikuwa na thamani ya dola 72,000. Kisha meli nyingine za Peru zikaanza kuingia, na bei ikaporomoka hadi senti 3. Shehena ileile sasa ilikuwa dola 6,000.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba ni bahati mbaya tu, lakini kosa lake ni la aina ambayo mfanyabiashara yeyote wa nafaka anaijua. Norton alihesabu mchele uliokuwa bandarini, hakuhesabu uliokuwa baharini. Simu ya waya kutoka Peru haikuwapo. Habari za meli zilifika pamoja na meli yenyewe. Bei iliyompandisha yeye ilikuwa imewavuta wauzaji wengine pia, nao walikuwa tayari njiani. Akaenda mahakamani kudai kwamba mchele aliouziwa haukuwa wa daraja aliloahidiwa. Kesi ikaburuzwa mpaka Mahakama ya Juu ya California, akashindwa, na mwaka 1856 akatangazwa amefilisika.

Mchana rudi kusini hadi Commercial Street, kati ya Montgomery na Kearny. Ni uchochoro mwembamba, rahisi kuupita bila kuuona: ukishuka Montgomery kutoka Jackson, utavuka Washington na Clay, na Commercial iko kabla ya Sacramento. Tafuta namba 624. Nyumba yenyewe, Eureka Lodgings, haipo tena, lakini hapa ndipo Kaizari alipokaa tangu katikati ya miaka ya 1860 hadi kufa kwake, katika chumba kidogo cha juu, kwa senti 50 kwa usiku. Karani wa sensa ya 1870 alimwandikisha akiwa mkazi wa hapa, na kwenye safu ya kazi akajaza “Kaizari”. Tangu 2023 kipande hiki cha mtaa kina jina la heshima la Emperor Norton Place.

Usiondoke haraka, maana majirani wa chumba kile ni nusu ya habari. Namba 608 palikuwa na kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, kilichofunguliwa 1854. Namba 612 palikuwa na gazeti la Morning Call, ambako Mark Twain alifanya kazi ya uripota mwaka 1864. Kwa hiyo mtu aliyejiita Kaizari alilala hatua chache kutoka kwa watu waliotafuta habari za kujaza kurasa kila siku. Gazeti la wakati ule lilikuwa na kurasa za kujaza na washindani wengi. Tangazo la kifalme lililoletwa mlangoni bure lilikuwa neema. Bila magazeti, 1859 ingekuwa mwaka wa mtu mmoja kuchanganyikiwa, basi.

Siku ya pili: Mzunguko wa kila siku

Hii ndiyo siku ndefu, kilomita nne hivi ukihesabu kurudi nyuma. Anza asubuhi Portsmouth Square, uwanja ambao bendera ya Marekani ilipandishwa mwaka 1846 na ambao sasa ni sebule ya wazee wa Chinatown. Wachezaji wa karata hukusanyika mapema. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha.

Norton alipita mitaa hii akiwa na koti la kijeshi la buluu lenye nyota za mabegani za dhahabu, kofia yenye manyoya na ua la utepe, na fimbo mkononi. Koti likichakaa, mji ulimpatia jingine. Alikagua njia za watembea kwa miguu, akaangalia sare za polisi, akatoa maoni juu ya mitaro. Fedha zake zilikuwa hatifungani alizochapisha kwa wachapaji wa mjini, nyingi za senti 50, zenye riba ya asilimia 7 na ahadi ya kulipwa mwaka 1880. Wenyeji walizinunua. Mtu aliyenunua hakudanganyika: alijua analipia chumba cha usiku mmoja cha mzee wa mtaa, na kwa malipo yake alipata karatasi yenye sahihi ya Kaizari. Leo wakusanyaji hulipa maelfu ya dola kwa karatasi hizohizo. Ukikutana na mnada, ogopa nakala: zimechapwa nyingi za kumbukumbu.

Kutoka uwanjani shuka Clay hadi bustani ya miti mirefu ya redwood iliyo kando ya jengo la Transamerica Pyramid. Bustani hii hufungwa jioni na siku za hafla, kwa hiyo asubuhi ndiyo salama. Hapa mwaka 1992 paliwekwa kibao cha kuwakumbuka Bummer na Lazarus, mbwa wawili wa mitaani wa miaka ya 1860. Usipokiona, muulize mlinzi.

Bummer alikuwa bingwa wa kuua panya, na panya walikuwa balaa la mji. Mwaka 1861 alimwokoa mbwa mwenzake aliyejeruhiwa vibaya katika ugomvi, akamletea chakula na kulala kando yake mpaka akapona. Ndipo yule wa pili akaitwa Lazarus, kama aliyefufuliwa. Mwaka uliofuata mkamataji wa mbwa akamchukua Lazarus. Raia wakaja juu, na baraza la jiji likawaruhusu hao wawili kuzurura huru. Lazarus akafa 1863. Bummer akafuata 1865, baada ya kupigwa teke na mlevi, na mlevi huyo akatiwa ndani. Mark Twain aliandika taazia ya Bummer.

Sasa jambo la kusahihisha, kwa kuwa waongozaji wengi wa matembezi hulisema kinyume: mbwa hawa hawakuwa wa Norton. Kosa linatoka kwenye katuni za Edward Jump, aliyewachora watatu hao pamoja, Kaizari akila na mbwa wakisubiri makombo. Picha ikauzwa, ikabandikwa madirishani, na baada ya kizazi kimoja mchoro ukageuka ushahidi.

Mchana nenda kusini kwa Montgomery hadi Post Street namba 57, Mechanics' Institute. Taasisi ilianzishwa 1854. Jengo la sasa ni la baada ya moto wa 1906, lakini maktaba na klabu ya chess zinaendelea. Norton alisoma magazeti katika maktaba hii, akaandika matangazo yake na kucheza chess. Hili lina uzito kuliko manyoya ya kofia. Mtu aliyesoma magazeti yote kila siku alijua mjadala uko wapi, ndiyo maana maagizo yake ya kweli yanahusu mambo ya kweli: tramu, madaraja, haki za Wachina mahakamani.

Dakika tatu kutoka hapo, kwenye makutano ya Market, Kearny na Geary, ipo chemchemi ya chuma aliyoitoa mwigizaji Lotta Crabtree mwaka 1875. Lotta alianza kucheza mbele ya wachimbaji dhahabu akiwa mtoto, akavuta sigara hadharani, akawa kipenzi cha mji. Baada ya tetemeko la 18 Aprili 1906 watu waliotafuta ndugu zao walikutania hapa, na mpaka leo watu hukusanyika hapa kila tarehe hiyo saa 11 na dakika 12 alfajiri. Ukija siku hiyo, fika saa kumi na nusu, na vaa nguo za joto.

Sasa panda tramu ya kebo ya California Street, siyo ya Powell. Ya Powell ina foleni ya saa nzima wakati wa kiangazi. Ya California mara nyingi unapanda mara moja, na ndiyo inayokufikisha. Shuka Grant Avenue. Njia hii ilifunguliwa 1878, kwa hiyo kebo ilikuwa ikikimbia chini ya barabara hii usiku wa Alhamisi, 8 Januari 1880, mvua ikinyesha, Norton alipokuwa akielekea kwenye mhadhara katika ukumbi wa chuo cha sayansi ulio kona hii. Alianguka karibu na kanisa la Old St. Mary's na akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hatifungani zake zilikuwa na siku nane tu tangu mwaka wa kulipwa uanze.

Kanisa bado lipo. Lilijengwa 1854, moto wa 1906 ukalichoma ndani, kuta zikabaki. Simama upande wa pili wa California Street, ambapo unaiona saa ya mnara na kona nzima. Hakuna haja ya kufanya kingine hapa.

Siku ya tatu: Magazeti

Siku ya kukaa. Maktaba kuu ya jiji iko Larkin Street namba 100, na kituo cha historia ya San Francisco kipo ghorofa ya sita. Saa zake ni fupi kuliko za maktaba yenyewe, kwa hiyo zitazame kabla ya kutoka. Begi huachwa nje, kalamu ya wino hairuhusiwi; penseli na simu isiyopiga mwanga vinatosha. Atakayekwenda kwenye jumba la California Historical Society la Mission Street atakuta mlango umefungwa: chama hicho kilivunjwa 2025 na hazina yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Stanford.

Unaweza pia kufanya kazi ya siku hii kwenye intaneti, kupitia hifadhi ya magazeti ya California ya kidijitali. Tafuta “Norton I” na “Emperor Norton”, punguza miaka iwe 1859 hadi 1880, kisha rudia kwa makosa ya herufi, kwa sababu mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea: herufi “rt” iliyofifia husomwa “it”, na jina likapotea.

Kazi yenyewe ni kutenganisha. Norton alileta matangazo yake kwenye magazeti kadhaa, lakini wahariri waligundua mapema kwamba “amri ya Kaizari” huuza nakala, wakaanza kubuni za kwao. Yeye alikasirika, na Desemba 1870 akaliteua Pacific Appeal, gazeti la kila wiki la Wamarekani Weusi lililohaririwa na Peter Anderson, kuwa gazeti lake rasmi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: tangazo lililochapwa Pacific Appeal baada ya tarehe hiyo, likiwa na sahihi yake, lipe imani. Lililotokea kwingine kabla yake, likiwa na lugha ya mzaha, litilie shaka mpaka lithibitike.

Ukitumia kanuni hiyo, vipande vitatu maarufu vinaanguka. Cha kwanza ni ile amri ya kumtoza dola 25 anayeuita mji “Frisco”. Imeandikwa kwenye vikombe na fulana, lakini gazeti la enzi zake lenye amri hiyo halijapatikana. Cha pili ni kwamba alizima ghasia dhidi ya Wachina kwa kuinamisha kichwa na kurudia sala ya Baba Yetu. Hapa ukweli ni mzuri kuliko hadithi, na inasikitisha kwamba hadithi imeufunika. Aprili 1878 Norton alifika kwenye mkutano wa hadhara wa wafuasi wa Denis Kearney, uliofanywa kupinga Wachina, akapanda kwenye sanduku na kuwaambia watawanyike. Walimpuuza. Lakini alikwenda, mzee peke yake, mbele ya umati wenye hasira, katika jimbo ambalo mwaka 1854 Mahakama yake ya Juu ilikuwa imekataa ushahidi wa Mchina dhidi ya Mzungu. Cha tatu ni amri ya daraja. Hiyo tutaibeba hadi kesho, tuisome tukiwa juu ya kilima.

Kabla ya kufunga, tafuta Januari 1867. Tarehe 21 mwezi huo ofisa mmoja, Armand Barbier, alimkamata Norton ili apelekwe kuchunguzwa akili. Magazeti yakafoka. Mkuu wa polisi Patrick Crowley akamwachia, na tangu hapo, yasemekana, polisi walimpigia saluti barabarani. Soma kwa makini namna wahariri walivyomtetea. Hoja yao haikuwa kwamba ana akili timamu. Walisema hajamwaga damu, hajamwibia mtu, hajaipora nchi, na kwamba hayo huwezi kuyasema juu ya wengi wenye cheo kama chake.

Siku ya nne: Kilima, na warithi wake

Anza Washington Square, kwenye sanamu ya wazima moto iliyosimamishwa 1933. Imelipiwa kwa urithi wa Lillie Hitchcock Coit, kama ulivyolipiwa mnara ulio juu ya kilima mbele yako. Lillie alikuwa binti wa daktari wa jeshi. Mwaka 1858, akiwa na miaka 15 hivi, aliwaona wazima moto wa kikosi cha Knickerbocker namba 5 wakishindwa kuivuta mashine yao kupanda Telegraph Hill kwa uchache wa watu. Akatupa vitabu vya shule, akashika kamba, akawapigia kelele wapita njia waje kusaidia. Mwaka 1863 wakampa uanachama wa heshima. Tangu hapo alidarizi namba 5 kwenye nguo zake na kuiandika kwenye sahihi yake, akavaa suruali, akavuta sigara, akacheza kamari kwenye kumbi ambazo wanawake hawakuruhusiwa kuingia.

Kwa kupanda kuna njia mbili. Basi la 39 linakufikisha juu. Ngazi za Filbert, zinazoanzia Sansome upande wa mashariki, ni karibu 400. Ni bora kuzishuka kuliko kuzipanda, ukizunguka kwa mkono wa kulia kwenye bustani za wakazi. Gari dogo usije nalo: maegesho ni machache na foleni huziba barabara nzima.

Coit Tower ilifunguliwa Oktoba 1933, ina kimo cha mita 64 hivi. Watu husema umbo lake ni la mdomo wa bomba la zimamoto, lakini wasanifu walikanusha. Michoro ya ukutani ya ghorofa ya chini ni ya 1934 na haina kiingilio. Lifti ya kwenda juu inalipiwa. Tazama kuta kwanza, kisha panda.

Ukiwa juu, geukia mashariki. Machi 1872 Norton aliamuru katika Pacific Appeal daraja la kuning'inia lijengwe kutoka Oakland Point hadi Goat Island, na kutoka hapo hadi Telegraph Hill, mahali hapa ulipo, mradi tu lisizuie meli. Baadaye mwaka huohuo akaitaka miji miwili ichunguze pia uwezekano wa handaki. Goat Island ndiyo Yerba Buena ya leo. Daraja la Bay lilifunguliwa 12 Novemba 1936 likipita kisiwa hichohicho, ila upande wa mji linatua Rincon Hill, kusini zaidi. Handaki nalo lipo: treni za BART zinapita chini ya ghuba tangu 1974.

Sasa ile amri ya uongo. Kibao cha shaba kilichotengenezwa 1939 kumheshimu Norton kwa daraja kinataja 18 Agosti 1869. Tangazo la tarehe hiyo ni mojawapo ya yale yaliyobuniwa magazetini kumchekesha msomaji, na daraja lake linaendelea mpaka visiwa vya Farallon katikati ya bahari. Waliotaka kumsifu wakachonga mzaha uliomdhihaki, ilhali amri ya kweli, iliyo ya maana, ilikuwa imelala katika gazeti la Weusi ambalo hawakulifungua. Kila kitu unachohitaji kujua kuhusu kufanya kazi na watu wa aina hii kimo humo. Nenda kwenye gazeti lao kwanza, kibao baadaye.

Alasiri shuka hadi Montgomery Street namba 710. Hapa palikuwa na Black Cat, baa ambamo José Sarria aliimba opera akiwa amevaa mavazi ya kike, na kuwahimiza wateja wake, wanaume waliowapenda wanaume wenzao na waliosumbuliwa na polisi kila wiki, wasikiri makosa mahakamani bali wadai kesi isikilizwe. Mwaka 1961 aligombea baraza la jiji bila kujificha, akapata zaidi ya kura 5,000. Katikati ya miaka ya 1960, alipotawazwa malkia wa dansi la mwaka, akasema umalkia anao tayari, akajitangaza Empress José wa Kwanza, Mjane wa Norton. Chama alichokianzisha, Imperial Court, kimeenea miji mingi na huchangisha fedha za misaada. Kati ya wote waliomrithi Norton, yeye ndiye aliyeelewa vizuri zaidi namna ya kukitumia cheo kisicho na sheria nyuma yake.

Jioni, kama miguu inaruhusu, pandisha Bush hadi Powell. Kwenye kona hii ya Nob Hill dada mapacha Marian na Vivian Brown walikula mara kwa mara, meza ya dirishani, wamevaa sare kuanzia kofia hadi viatu, na walisimama kwa kila mgeni aliyetaka picha. Vivian alipougua, wakazi walichanga kumhudumia. Alifariki 2013, na Marian akamfuata 2014.

Siku ya tano: Colma

Panda BART kituo cha Montgomery, treni ya kusini. Kosa la kawaida ni kupanda inayoishia Daly City. Tafuta inayoendelea kuelekea uwanja wa ndege au Millbrae, ushuke Colma. Kutoka kituoni hadi Woodlawn Memorial Park, El Camino Real namba 1000, ni mwendo wa robo saa hivi kuelekea kusini. Nunua maji kabla, njiani ni makaburi na maduka ya mawe ya makaburi.

Colma ni mji wa wafu kwa amri. San Francisco ilipiga marufuku maziko ndani ya mipaka yake kuanzia 1901, kisha ikaamua hata waliokwisha kuzikwa waondolewe, kwa kuwa ardhi ilikuwa imepanda bei. Ndugu walioweza kulipa walihamisha na mawe. Mawe yasiyo na mwenyewe yalivunjwa na kutumika kwenye kuta za bahari na mifereji ya bustani. Ukipita Buena Vista Park baada ya mvua, baadhi ya herufi bado zinasomeka mferejini.

Norton alizikwa kwanza Januari 1880 kwenye makaburi ya Wamasoni mjini. Alikuwa aende katika jeneza la fukara, ila wanachama wa Pacific Club wakachanga wakamnunulia la mbao za thamani, na magazeti yakakadiria watu 10,000 waliofika kumwona. Makaburi hayo yalipoondolewa, mwaka 1934 wenyeji walichanga tena, wakamleta hapa kwa bendi na risasi za heshima. Waliofanya hivyo wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa hai.

Ingia ofisini uombe ramani. Eneo ni kubwa, mawe yanafanana, na kutafuta kwa macho kutakula saa nzima. Jiwe linasema: Norton I, Kaizari wa Marekani na Mlinzi wa Mexico, Joshua A. Norton, 1819–1880. Hakuna alama za kunukuu kwenye cheo. Mwaka wa kuzaliwa kwa uchunguzi wa sasa ni 1818, kwa hiyo usiunakili kutoka kwenye jiwe. Ukitaka kulifuta vumbi, tumia maji matupu na kitambaa laini. Sabuni za kuondoa madoa hula uso wa jiwe.

Lillie Coit yuko Cypress Lawn, mbele kidogo kwa barabara hiyohiyo, katika jumba la familia yake. Nenda huko kabla ya saa tisa, kisha urudi Woodlawn ukiwa na muda. Kila Februari wanachama wa Imperial Court huja hapa na mataji yao na maua. Sarria alikuwa akiwaongoza, amevaa nguo nyeusi za eda. Nafasi iliyo miguuni pa Norton aliinunua mwenyewe angali hai, na tangu 2013 amelala hapo.